Tangi Moja Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeanza shajara. Sababu: ukweli.

Bosi wetu, Bwana Chege, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la watsapu leo asubuhi. Sauti ya mtu aliyekosa chai. Amesema nyakati ni ngumu, watu hawana pesa, na kampuni haiwezi tena kubeba wauzaji wawili upande huu wa Makueni. Salama na Kasikeu zitaunganishwa ziwe kanda moja. Atabaki mmoja wetu, yule atakayeuza tangi la maji kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Mwingine arudishe shati. Halafu akasema kila mtu ajiangalie kwenye kioo na ajiambie ukweli kuhusu kazi yake.

Nimejiangalia. Ukweli: nina sura ya muuzaji. Paji la uso pana. Meno yote yapo. Shati la kampuni la zambarau linanikaa vizuri, na mgongoni limeandikwa MSHAURI WA MAJI. Ukweli mwingine: sijauza tangi tangu kabla ya Krismasi. Lakini hilo si kosa langu. Ni jua! Mtu atanunuaje tangi la kuvuna mvua na mvua yenyewe haipo? Na mvua ikija, atanunuaje tangi na yuko shambani anapanda? Ukiangalia vizuri, kazi hii haina msimu.

Mpinzani wangu ni Wacuka. Wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Salama. Wacuka hana mbinu yoyote. Anakaa dukani kwa mamake. Mtu akija kununua misumari, anamuuliza paa lake ni kubwa kiasi gani na nyumbani wako wangapi, kisha anamwambia tangi gani linamtosha. Hiyo si kuuza. Hiyo ni kuongea tu. Wiki hii bado hajauza. Nimechunguza.

Mke wangu Mumbua amesikiliza ujumbe wa Chege mara mbili. Ameniuliza kioo kimesema nini. Nikamwambia kimesema nitashinda.

Jumanne, 15 Oktoba

Kasikeu, nyumba kwa nyumba. Nilifunga ngazi yangu kwenye pikipiki kama kawaida. Ni ngazi ya mbao za mukau niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Wauzaji wengine hubeba vijikaratasi. Mimi hubeba ngazi. Inavuta macho.

Nilianza kwa Mzee Munyao. Akanikaribisha, akaniletea uji, akaniuliza habari za wazazi, za mtoto, za mbuzi. Nikamweleza kuhusu tangi mpaka kikombe kikaisha. Akasema tutaona. Nimeandika hapo: karibu kununua. Watu wetu hawawezi kumwambia mgeni hapana akiwa ameketi kwao, kwa hivyo mtu akisema tutaona, mlango uko wazi.

Kwa bahati mbaya nikatazama juu. Gata ya Mzee Munyao, ule mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, ilikuwa imening'inia upande mmoja. Mimi gata iliyoning'inia siwezi kuivumilia. Inaniwasha mwilini. Nikasimamisha ngazi nikapanda, ili tu aone maji yatakavyoingia kwenye tangi. Niliponyoosha moja nikaona nyingine. Nilishuka jua likiwa la utosini. Mzee akaniambia asante sana fundi. Nikamrekebisha kwa adabu: Mshauri.

Jirani yake akaja akauliza kama nitapitia kwake. Nikamwambia kwa msimamo kwamba mimi si fundi. Lakini nilipoona gata zake zimelalia upande wa ukuta badala ya upande wa kona, ningefanyaje? Nikapanda. Halafu nyumba nyingine. Nimerudi nyumbani na papai, mayai na ndizi. Tangi, hakuna. Watu wa Kasikeu hawasikilizi! Unawaambia tangi, wanakuuliza gata.

Nilipofika Salama nilikutana na Wacuka akifunga duka. Aliniuliza ni nani ametengeneza gata za kwa Munyao, maana amesikia habari zake tayari. Nikanyamaza. Siri za biashara hazitolewi ovyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Wazo! Kwa nini nimekuwa nikimfuata mtu mmoja mmoja kama mkusanyaji kuni? Mahali wanunuzi walipo wengi ni kwenye mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu!

Mwethya wa Mwaitu Mbula ndio mkubwa kuliko yote Kasikeu. Akina mama zaidi ya thelathini. Kila siku kabla ya mvua wanaenda shamba la mmoja wao, wanachimba mitaro ya kuzuia maji, kesho shamba la mwingine. Hao ni watu wanaofikiria maji kuanzia asubuhi. Nikaenda.

Nilianza kuwasalimia kwa sauti ya mkutano. Mwaitu Mbula, mwenyekiti, mama wa rika la mama yangu, akanikatiza. "Kijana wa zambarau, hapa mtu ambaye hajachimba haongei." Wengine wakacheka. Akanipa jembe.

Nimechimba. Mgongo wangu unaandika haya pamoja nami. Walikuwa wanaimba na kunicheka nilipochelewa kwenye mstari, na mama mmoja akaniuliza kama shati langu linaogopa udongo. Lakini nilipata mdundo. Nikamaliza sehemu yangu na kuingia kidogo ya jirani. Mwaitu Mbula alikuja akatazama mtaro wangu, akaupima kwa jicho, akasema uko sawa. Naona aliguswa.

Baada ya isyo, sahani kubwa ya mahindi na maharagwe chini ya kivuli, nikapewa nafasi. Nikasimama. Nilikuwa moto! Niliongea juu ya maji, juu ya paa, juu ya kesho ya watoto. Wakapiga makofi. Wakanong'onezana. Kisha Mwaitu Mbula akasimama akasema wamekubaliana: kesho asubuhi wote wanakuja kwangu. WOTE. Akaniuliza kama mke wangu atakuwepo. Nikasema atakuwepo! Akauliza kama maji ya kunywa yapo. Nikasema maji ndiyo kazi yangu!

Nilimpigia Bwana Chege papo hapo. Nikamwambia akina mama zaidi ya thelathini wanakuja nyumbani kwangu kununua matangi. Akasema atakuja mwenyewe kushuhudia.

Nyumbani nikamwambia Mumbua afagie, kesho tuna wateja. Akauliza wangapi. Nikamwambia. Akauliza kama nilichimba kwao. Nikasema kidogo, kwa heshima tu. Akaenda kuloweka maharagwe. Yote tuliyo nayo! Nani huwalowekea wateja maharagwe?

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamekuja. Na majembe.

Nilikuwa nimesimama kando ya tangi letu la nyumbani, nimelipangusa mpaka linang'aa. Wakaingia wakiimba, wakanisalimia, wakanipita. Walienda moja kwa moja shambani kwangu, wakajipanga mstari, wakaanza kuchimba. Nikawafuata nikidhani wamekosea njia. Mwaitu Mbula akaniuliza kwa nini sina jembe na hili ni shamba langu.

Mumbua ndiye aliyenieleza jikoni, akikoroga sufuria mbili kwa wakati mmoja. Aliyekuwa na zamu leo amesafiri kwenda mjini Wote kwa shughuli za dadake. Mimi nilichimba jana. Aliyechimba kwa mwenzake huchimbiwa. Kwa hivyo zamu wamenipa mimi, na mwenye shamba hulisha watu. Kila mtu wa Ukambani anajua hivyo. Mimi mwenyewe najua! Mama yangu alikuwa kwenye mwethya miaka yote, nimekula isyo ya mwethya tangu nikiwa mtoto. Ila jana nilikuwa nafikiria kama muuzaji.

Hapo hapo Bwana Chege akafika, viatu vinang'aa, mkoba mkononi. Akauliza wateja wako wapi. Nikamwonyesha shambani. Akataka kuwahutubia. Mwaitu Mbula akamwambia lile aliloniambia mimi, akampa jembe. Bosi wangu! Alichimba na tai shingoni. Kufikia wakati wa chakula alikuwa ameivua tai na kuifunga kichwani, na alikuwa anajua kiitikio cha wimbo mmoja. Alikula isyo sahani mbili. Aliniambia hajafurahi hivi tangu mwaka uanze. Kisha akakumbuka yeye ni bosi, akanuna.

Walipokuwa wakipumzika Mwaitu Mbula akazunguka nyumba yangu akitazama juu. Akauliza nani aliweka hizo gata. Nikasema ni mimi, na nikamgeuza kwa heshima atazame tangi. Akarudi kwenye gata. Nikarudi kwenye tangi. Alisema kwake maji ya mvua yote humwagika mlangoni na kila fundi aliyemwita ameharibu zaidi. Nikamwambia tangi letu lina dhamana.

Chege alisikia yote hayo. Kabla ya kuondoka alinivuta kando. Akasema ameuza vitu maisha yake yote, kuanzia sabuni mpaka matrekta, na amefanya kazi na wauzaji wengi. Akasema, "Kimeu, nakuambia kama ndugu. Huyo mama alikuwa anakuambia kitu anachotaka kununua, na wewe unamwambia anyamaze akusikilize." Akasema niwe mkweli na nafsi yangu. Nikamshukuru. Ni vizuri bosi akikuchukulia kama ndugu siku mbili kabla ya uamuzi. Ni dalili njema sana.

Mitaro lakini ni mizuri. Shamba limependeza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma.

Baba yake Mumbua aliponiuliza nafanya kazi gani, siku ile nilipoenda na wazee kuomba mke, nilisema niko kwenye mauzo. Alilitamka neno hilo tena kwa wenzake, polepole, kama jina la mji wa mbali. Nikirudisha shati, nitamwambia nini? Hapa Salama watu wananiita Mshauri. Hata madereva wa malori.

Leo nilimwendea Kusow. Watu wake ni wa upande wa Garissa, lakini yeye yuko hapa barabarani miaka mingi, na dukani kwake huuza kila kitu kuanzia mikeka hadi betri. Mpango: anunue tangi, aweke maji nje, madereva wasimame kunawa, wakishasimama wanunue. Wazo la hali ya juu! Alinipa chai yenye viungo, akanisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akanisifu kwa kuongea vizuri. Halafu akatoka nje, akaitazama pikipiki yangu, akapapasa ngazi. Akauliza ni mti gani. Nikasema mukau. Akauliza nani aliyeiunga. Nikasema mimi. Akauliza kama naiuza.

Nikacheka. Nikamwambia ngazi si bidhaa, ngazi ni chombo cha kazi. Akasema sawa, hakuna neno, akanijazia kikombe.

Njiani nikasimamishwa na watu wawili. Mmoja alitaka kuazima ngazi. Mwingine alitaka kujua kama ni mimi yule fundi wa gata. Uchumi huu! Mtu ana tangi la maana la kuuza, anaulizwa vitu vidogo vidogo.

Jioni nilimwomba Mumbua anunue tangi la pili kupitia kikundi chao cha walimu wa chekechea. Akauliza tutaliweka wapi. Nikasema hilo ni jambo la baadaye. Akanishika mkono, akaniuliza taratibu kama ninaipenda kweli kazi hii, au ninapenda tu shati. Swali gani hilo? Shati ndiyo kazi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshindwa.

Nilifika dukani kwa Wacuka mapema kuliko saa sita, nikiwa na mpango wa mwisho ambao sasa hauna maana kuuandika. Chege alikuwa ameshafika. Na nje ya duka, wakiwa wamevaa vizuri kama wanaenda harusi, mwethya mzima wa Mwaitu Mbula! Nikajua wamenifuata.

Walikuwa wamekuja kununua matangi. Kutoka kwa Wacuka. Si moja, kadhaa, kwa zamu ya kikundi. Mwaitu Mbula akanisalimia kwa furaha, akanieleza kwamba Wacuka alienda kwao jana jioni, akauliza maji yanamwagika wapi, akatazama paa, akamwambia tangi lipi litamtosha. Lakini kikundi kiliweka sharti. Watanunua tu kama gata zitawekwa na yule kijana wa zambarau.

Nikamwambia Chege kwamba hiyo basi ni mauzo yangu, angalau nusu. Chege akatazama saa, akatazama viatu vyake ambavyo bado vilikuwa na udongo wa kwangu, akanyoosha mkono. Kwa upole, lazima niseme.

Shati lilikuwa safi. Mumbua alilifua na kulipiga pasi jana bila kuniambia kwa nini. Nikalivua. Sikuwa nimebeba jingine, nikabaki na fulana mbele ya akina mama thelathini, mpaka Wacuka akaniletea aproni ya duka. Nilihisi macho yanawasha. Vumbi la barabara kuu, labda. Hapana. Nililia kidogo. Mwaitu Mbula alijifanya anatazama misumari.

Halafu Wacuka akaniita kando. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kila tangi analouza linahitaji gata, na mafundi anaowapata wanamharibia jina. Anataka nifanye kazi naye. Kazi ya kila wiki. Kuanza Jumanne baada ya sikukuu, nyumba ya kwanza ni ya Mwaitu Mbula, halafu kikundi kizima, halafu yuko na watu mpaka Kambu. "Kimeu, wewe ni fundi. Acha mchezo. Sijaona mtu mwenye mkono kama wako." Nikamwambia tutaona.

Mchana nilipitia kwa Mwaitu Mbula. Kutazama tu. Nilikuwa na ngazi, nikapanda. Paa lake lilikuwa aibu tupu! Nikaanza kuondoa gata za zamani, nikapima, nikapiga kamba ya kunyooshea, na jua likaenda bila mimi kuona. Mumbua alinifuata na chakula. Aliposimama chini hakuniita. Nilipomwona nikamuuliza amefika lini. Akasema kitambo, alikuwa ananisikiliza. Nilikuwa napiga mluzi. Alisema tangu tuoane hajawahi kunisikia nikipiga mluzi.

Macho yake yalikuwa na machozi na alikuwa anacheka. Nilikuwa na furaha kule juu. Naandika kama ilivyokuwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Inafaa kabisa!

Baada ya kanisa nimeketi mbele ya kioo kama Chege alivyosema. Bila shati la kampuni. Uso tu. Nikajiambia ukweli kwa sauti: Kimeu, wewe si muuzaji wa matangi. Mumbua alikuwa mlangoni. Akaja akanikumbatia kwa nyuma, akasema ameomba kusikia maneno hayo mwaka mzima. Akaenda kuchinja kuku.

Nikabaki na ukweli wangu. Na ukweli ukishaanza kuuangalia, unafunguka. Kwa nini sikuuza matangi? Kwa sababu nilikuwa nauza kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Na ni kitu gani watu walichokitaka wiki nzima? Nani aliulizwa bei bila kusema neno? Nani alishikwashikwa na Kusow? Nani aliombwa njiani na watu nisiowajua?

NGAZI!

Nilikuwa nimebeba bidhaa mgongoni mwa pikipiki wakati wote huu na mimi nauza tangi! Kila shule inahitaji ngazi. Kila kanisa. Kila mtu mwenye paa. Wacuka mwenyewe atahitaji ngazi kwa mafundi wake! Si kwamba mimi si muuzaji. Bidhaa ilikuwa mbaya. Chege alikuwa sahihi: sikiliza mteja.

Sikusubiri kuku. Nikaenda kwa Kusow, aliyekuwa amefungua hata leo. Safari hii sikuongea sana. Nilisimamisha ngazi mbele ya duka, nikaacha jua liipige. Akapapasa mbao. Akauliza. Nikasema. Akatoa pesa hapo hapo.

NIMEUZA! Mauzo yangu ya kwanza tangu kabla ya Krismasi! Nilitaka kumpigia Bwana Chege, na nikampigia, na hakushika, lakini nimemwachia ujumbe wa sauti mrefu.

Nimemwambia Mumbua tukiwa tunakula. Aliweka kijiko chini. Akauliza Jumanne nitapandia nini kwa Mwaitu Mbula.

Anadhani sikufikiria! Nimeshapanga na Kusow. Atanikodishia ile ngazi kila asubuhi, bei ya rafiki, nairudisha jioni. Mumbua ameniuliza nirudie. Nimerudia. Ameenda nje kutazama mitaro na bado hajarudi.

Hajaelewa bado. Nina siku moja tu kwenye ngazi, na tayari mimi na mteja wangu wa kwanza tutafanya biashara kila siku. Kesho namuuliza Kusow kama ana mashati ya kijani.